Nguruwe dume na ugonjwa wa ngiri

Ninyi mnaokaa karibu na miji ya madini, kama Likasi na Kolwezi, mnajua kwamba watu wa mgodi hununua nyama kila siku. Lakini nyama ya nguruwe dume mzima inanuka ikipikwa, na mnunuzi aliyeila mara moja harudi. Kwa hiyo twahasi madume wangali wadogo, kabla hawajapita siku 14.

Katika kazi hiyo iko hatari moja. Mtu anapasua pumbu la mtoto wa nguruwe, na pamoja na kende matumbo yanatoka. Nguruwe anakufa. Watu wanasema ni uchawi, ao mpasuaji ana mkono mbaya. Sivyo. Sikilizeni sababu yake.

Kende hazianzi pumbuni. Mtoto akiwa angali ndani ya mama yake, kende zake zinakaa tumboni, karibu na mafigo. Halafu zinashuka kidogo kidogo, zinapita njia nyembamba ya kinena, pale paja linapoungana na tumbo, hata zinafika katika mfuko wa ngozi ulio nje. Zinatoka kwa sababu mbegu ya kiume haitengenezwi vema katika joto la tumbo. Mwili wa nguruwe una joto la digrii 39 hivi; kende zinataka ubaridi zaidi kidogo.

Kila kende ina kamba yake. Ndani ya kamba mna mshipa unaoleta damu, mishipa inayoirudisha, na mrija wa mbegu. Kando ya kende umelala mrija mwingine, umekunjwa kama uzi; mkiweza kuunyosha, unapita meta 10. Humo mbegu zinakomaa. Kamba inapanda juu, inapita tundu la kinena, inaingia tumboni. Tundu likiwa dogo, kamba inapita peke yake. Likiwa kubwa, utumbo nao unafuata njia ileile. Hiyo ndiyo ngiri. (Hatusemi ngiri wa porini, yule anayeharibu mashamba.)

Basi, kabla ya kushika kisu, angalieni. Mtoto akipiga kelele, pumbu la upande mmoja linavimba. Mwinueni kwa miguu ya nyuma, mbonyeze polepole: uvimbe ukirudi tumboni, ni utumbo. Kende ni ngumu kidogo, na inateleza chini ya vidole. Utumbo ni laini. Mkiona hivi, msikate hata kidogo. Mganga wa nyama anaweza kurudisha utumbo na kushona tundu. Kama yuko mbali, mlisheni nguruwe huyo vizuri, mkamchinje kabla ya miezi 5, harufu haijaingia katika nyama.

Mkikuta kende moja tu, ya pili imebaki njiani ao tumboni. Msiitafute kwa vidole. Mkitoa ile moja peke yake, nguruwe atabaki dume na nyama itanuka. Naye achinjwe mapema.

Mwenye afya apasuliwe kwa kisu kilichochemshwa, mikono imeoshwa kwa sabuni, na alale mahali pakavu. Msipake mavi ya ng'ombe wala udongo juu ya kidonda.

Mbuzi ni rahisi zaidi, kwa sababu pumbu lake linaning'inia mbali na mwili. Koleo la kuhasi linaponda kamba bila kupasua ngozi. Pondeni kamba moja, halafu ya pili, chini kidogo. Katikati pasiguswe, ngozi isikose damu ikaoza. Nguruwe hafai kwa koleo hilo: pumbu lake limebanana na mwili, chini ya mkia.

Mwanamume naye ana njia ileile ya kinena. Mchimbaji anayebeba magunia mazito akiona uvimbe pale, nao unarudi akilala, aende akaonwe na daktari. Ukiwa mgumu, unauma, naye anatapika, apelekwe hospitali siku ileile, maana utumbo umenyongwa.

Tena ngiri ya nguruwe inapita katika uzazi. Dume akizaa watoto wenye ngiri kwa majike mbalimbali, mwondoeni, hata akiwa mnene kuliko wote kijijini. Jike aliyewazaa naye, msiweke watoto wake kuwa mbegu.