Kujirudia au Kujirejea? Juu ya Istilahi Moja ya Kompyuta

Wanaojifunza kuandika programu za kompyuta siku hizi hujinoa kwa mafumbo ya kila siku, kama yale ya Advent of Code, ambayo Eric Wastl alianza kuyatoa kila Desemba tangu mwaka 2015. Baadhi yao huyafumbua kwa lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie huko Marekani mnamo mwaka 1972. Njia mojawapo ya kuyafumbua ni fungu la maagizo linalojiita lenyewe. Njia hiyo nimeisikia ikiitwa "kujirudia", na madhumuni ya makala hii ni kulipinga jina hilo.

Na tuchukue mfano wa Usambara. Abdallah bin Hemedi, katika Habari za Wakilindi, alituachia nasaba ndefu za watawala wa Vuga, mji ulio katika milima ya Lushoto. Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, kiti kilimwangukia mjukuu wake Shekulwavu, na Semboja wa Mazinde, aliyekuwa mwana wa Kimweri, akampiga vita. Msomaji wa habari hizo hana budi kujua kila mtu ni kizazi cha ngapi. Ikiwa katika programu kila mtu amewekewa alama ya kumwonyesha baba yake, maagizo ni haya:

int vizazi(struct mtu *m) {
  if (m == kimweri) return 0;
  return 1 + vizazi(m->baba);
}

Tuulize habari za Shekulwavu. Yeye si Kimweri. Basi swali lake linawekwa kando, likingoja, na swali lile lile linaulizwa juu ya baba yake. Huyo naye si Kimweri. Linawekwa kando la pili, na kuulizwa juu ya babu. Hapo tumefika: jibu ni 0. Ndipo safari ya kurudi inapoanza, 0 ikawa 1, na 1 ikawa 2. Kwa Semboja jibu ni 1. Msomaji ataona ya kuwa wakati wa kwenda hapakupatikana jibu lolote; jibu lote limejengwa wakati wa kurejea.

Mkulima anayelima tuta hata tuta hurudia kazi yake, wala tuta la kwanza halimngoji la mwisho. Kompyuta nayo huweza kurudia hivyo, na jina la "kitanzi" latosha. Lakini mjumbe aliyetumwa kutoka Lushoto kwenda Mombo hurejea na jibu kwa yule aliyemtuma. Tena kitenzi "kurejea" kina maana nyingine, kama tusemapo kurejea kitabu, nayo pia yafaa, kwa kuwa maagizo haya yanajitazama yenyewe. Kwa hiyo napendekeza "kujirejea". "Urejeshi" usiguswe, wanasarufi wamekwisha kuuchukua kwa o-rejeshi, na vurugu tulizo nazo katika istilahi zatutosha.

Yuko atakayesema kwamba mnyororo wa baba na mwana waweza kuhesabiwa kwa kitanzi. Ni kweli kabisa. Ugumu huja tunapoteremka. Kimweri aliwaweka wanawe watawale sehemu mbalimbali za nchi, nao wakazaa. Ukoo wa mtu ni yeye mwenyewe pamoja na ukoo wa kila mwanawe: maelezo hayo yamejitaja yenyewe, wala si matupu, maana asiye na mtoto ndiye mwisho. Mwenye kitanzi itambidi ashike mwenyewe orodha ya wote ambao hawajahesabiwa.

Sarufi yetu imekwisha kulijua jambo hili. Mjukuu, kitukuu, kilembwe: baada ya hapo majina hayachukui muda kwisha, lakini "mtoto wa mtoto wa mtoto" haina mwisho.

Katika programu mwisho lazima uandikwe, nami nauita "kikomo". Kikikosekana, maswali yanayongoja hurundikana hata nafasi yake katika kumbukumbu ya kompyuta ikajaa, na programu ikafa. Mwanafunzi aliyeambiwa "kujirudia" hana sababu ya kukitafuta. Katika mfano wetu kikomo ni Kimweri. Anayetaka kuhesabu tangu Mbegha, mwasisi ambaye masimulizi yasema alitoka Nguu, ataandika jina hilo mahali pa Kimweri, na mstari wa pili wa hesabu hautabadilika hata herufi moja.