BAADA YA OPERESHENI YA MTOTO WA JICHO: LINDA KIOO CHA JICHO



Ikiwa wewe au mzee wako amefanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, soma karatasi hii. Msomee pia jirani asiyejua kusoma.

Mtoto wa jicho ni ukungu katika lenzi, ndani ya jicho. Daktari huondoa lenzi hiyo na kuweka nyingine ya plastiki. Kazi hiyo hufanyika karibu sana na konea, yaani kile kioo kilicho mbele ya jicho. Upande wa ndani wa konea kuna chembe ndogo sana zinazosukuma maji nje, kama pampu ya kisima, ili kioo kibaki safi. Operesheni huzichosha chembe hizo, na konea huweza kuvimba.

Kwa hiyo usiogope ukiona ukungu siku za kwanza. Mara nyingi hupungua kidogo kidogo kwa siku au wiki chache. Lakini chembe zikifa hazioti tena. Zikifa nyingi, ukungu hubaki, na kubadilisha konea ni operesheni isiyopatikana kwa urahisi.

NENDA KITUO CHA AFYA SIKU HIYO HIYO UKIONA:
1. Maumivu yanaongezeka.
2. Jicho linazidi kuwa jekundu au linatoa usaha.
3. Doa jeupe kwenye kioo cha jicho.
4. Ulikuwa umeanza kuona, sasa huoni tena.

Usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Uwe Lobule, Imvepi au Rhino Camp, mwambie mhudumu kwamba ulifanyiwa operesheni, na uombe barua ya kwenda kwa daktari wa macho, Hospitali ya Rufaa ya Arua.

MAMBO YA KUFUATA:
- Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kutia dawa. Mdomo wa chupa usiguse jicho.
- Usisugue jicho. Usibebe dumu la maji wala kuni mpaka daktari akuruhusu.
- Usitie mitishamba, maziwa ya mama, mkojo wala maji ya sukari. Vitu hivi huingiza vijidudu kwenye kidonda.
- Usimpe jirani dawa yako. Dawa ya matone ya baada ya operesheni mara nyingi huwa na steroidi ya kupunguza uvimbe. Jirani akiwa na kidonda cha konea, dawa hiyo inaweza kukizidisha hata akapofuka. Mpeleke kituoni.

Jicho lililofunguliwa kwa operesheni bado linahitaji ulinzi wako.