Shamba Bado Liko kwa Jina la Babu? Anza Mirathi Kabla Barabara Haijafika

Mkazi wa Mwanda, Mgange au Werugha anayetaka kufika Wundanyi mapema huamka kabla jogoo hajawika. Gari huondoka likijaa, na mvua za Novemba zikishika kuna siku ni bodaboda tu zinazopita kwenye matope. Ndiyo maana shughuli za ofisini huahirishwa mwaka baada ya mwaka. Inayoahirishwa kuliko zote ni ile ya hati ya shamba.

Katika vijiji vyetu vya milimani, familia nyingi zinalima mashamba ambayo hati zake zina jina la babu aliyefariki zamani. Watoto waligawana kwa mdomo: huyu achukue bondeni penye mboga, yule achukue mteremko wa juu. Wanaishi kwa amani. Shida huanza siku pesa au mgeni anapofika.

Kwenye ramani, Taita Taveta ni kaunti pana, lakini zaidi ya nusu ya eneo lake imo ndani ya mbuga za Tsavo. Huku juu, kuelekea kilele cha Vuria chenye mita 2,208, mashamba ni madogo na kila kipande kina thamani. Barabara ikitengenezwa, thamani hiyo hupanda.

Jina la marehemu kwenye hati lina maana gani?

Mbele ya sheria, mgao wa mdomo haubadilishi daftari la ardhi. Benki haiwezi kuchukua shamba hilo kuwa dhamana ya mkopo. Barabara ikipanuliwa na kipande kikatwaliwa kwa manufaa ya umma, fidia hulipwa kwa mwenye haki anayetambulika kisheria. Asipokuwepo, au familia ikizozana, Tume ya Kitaifa ya Ardhi inaweza kuiweka fidia hiyo kwenye akaunti maalumu. Pesa zipo, lakini familia haiwezi kuzigusa.

Hatari kubwa zaidi ni kuuza. Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, inakataza kuuza ardhi ya marehemu kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wa mirathi. Anayejiingiza katika mali ya marehemu bila idhini ya kisheria anatenda kosa, na anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 10,000, kufungwa hadi mwaka mmoja, au yote mawili. Kwa hivyo, ewe mnunuzi, makubaliano uliyoandikiana na mjukuu mmoja mbele ya mashahidi wawili hayakupi shamba. Unaweza kujenga nyumba, kisha siku moja shangazi zake wakaja na amri ya mahakama.

Nani ana haki ya kurithi?

Sheria inasema “watoto”, haichagui wa kiume au wa kike. Binti aliyeolewa Mwatate, Mombasa au ng'ambo bado ni mtoto wa marehemu. Mwaka 2005, Mahakama ya Rufani ilibatilisha mgao uliowapa mabinti sehemu ndogo kuliko ndugu zao wa kiume. Mjane naye ana haki ya kubaki na kuitumia mali hiyo maisha yake yote, na ndiye anayetangulia katika kuomba usimamizi.

Sheria hii ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Kama babu alifariki kabla ya hapo, mgao hufuata sheria na mila zilizotumika wakati alipofariki, lakini usimamizi wa mirathi bado hupitia mahakamani. Kwa familia za Kiislamu, mirathi inaweza kuamuliwa katika Mahakama ya Kadhi.

Hatua za kufuata

1. *Cheti cha kifo.* Kama kifo hakikusajiliwa wakati ule, anza na naibu wa chifu ili usajili wa kuchelewa ufanyike. Kibali cha mazishi pekee hakitoshi.

2. *Barua ya chifu.* Barua hii hutaja wote walioachwa na marehemu: wajane, wana, mabinti, na watoto wa wale waliokwisha kufariki. Usimfiche mtu. Jina lililofichwa leo linaweza kubatilisha kesi nzima kesho.

3. *Kupekua daftari la ardhi,* au kufanya sachi kama wengi wanavyosema. Peleka nambari ya shamba kwenye ofisi ya usajili wa ardhi. Utajua jina lililoandikwa, na kama kuna mkopo au zuio juu ya shamba.

4. *Ombi mahakamani.* Mahakama ya hakimu husikiliza mirathi kulingana na thamani ya mali na cheo cha hakimu. Kwa hakimu mkuu kiwango ni hadi shilingi milioni 20. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Wasimamizi hawazidi wanne. Warithi wengine wenye haki sawa hutia sahihi kukubali, na walio mbali wanaweza kutia sahihi mbele ya wakili huko huko waliko.

5. *Tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali.* Mwenye pingamizi hupewa siku 30.

6. *Uthibitisho.* Baada ya hati ya usimamizi kutolewa, kwa kawaida husubiriwa miezi 6. Kisha mahakama huthibitisha nani anapata nini.

7. *Kuhamisha hati.* Wasimamizi hurudi kwenye ofisi ya usajili. Kama shamba litakatwa vipande vyenye hati tofauti, patahitajika idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi na kazi ya mpimaji.

Punguza safari

Kwa anayeishi mlimani, kila safari ni nauli na siku nzima ya kazi iliyopotea. Panga hatua mbili kwa safari moja: siku ya kuwasilisha ombi la cheti cha kifo iwe pia siku ya kupekua daftari. Beba nakala za vitambulisho vya warithi wote. Mtume mtu mmoja anayeaminiwa na familia, naye aandike kila anacholipa na kuomba risiti. Ofisi ya serikali ikipokea ada, hutoa risiti.

Usajili wa ardhi na mahakama si kazi ya serikali ya kaunti. Lakini barabara za mashinani na mipango ya matumizi ya ardhi ni kazi yetu, na kazi hiyo hukwama kila tunapokuta shamba ambalo mwenyewe kwenye hati hayuko duniani.

Desemba hii jamaa watapanda kutoka Voi, Mombasa na Nairobi. Kabla hawajarudi, ketini pamoja, mzee, mama, vijana na mabinti walioolewa. Toeni ile hati iliyo kwenye sanduku, msome jina lililo juu yake, mwandike majina ya warithi wote, kisha mchague atakayekwenda kwa chifu. Kikao hicho hakina ada.