Kiroboto mtafute pale mbwa anapolala

Kila Januari swali hili hurudi. Familia ilifunga nyumba Dar es Salaam ikaenda Moshi kula sikukuu, mbwa akaachwa kwa jirani. Baada ya wiki mbili au tatu mlango unafunguliwa, mizigo haijaisha kushushwa, na miguu ya watoto tayari ina vipele kuanzia kwenye vifundo kwenda juu. Wenye nyumba wanashangaa. Viroboto wameishije humo siku zote hizo bila mnyama wa kumnyonya?

Jibu limo katika maisha ya mdudu mwenyewe, na anayelielewa hupunguza gharama anazotumia kwenye dawa.

Kiroboto anayesumbua paka na mbwa wetu kwa kawaida ni yule yule mmoja, Ctenocephalides felis, ambaye pia hushambulia mbuzi na ndama. Akishaingia kwenye manyoya na kunyonya damu, jike huanza kutaga ndani ya siku moja au mbili, na akikolea anaweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku. Mayai hayo ni laini na hayagandi kwenye nywele. Huanguka kila mnyama anapopita, na mengi zaidi huanguka pale anapolala: kwenye gunia la mbwa, chini ya kochi, juu ya mkeka wa barazani, kwenye mchanga wa banda.

Siku chache baadaye yai huanguliwa, anatoka buu mwembamba asiye na miguu. Buu hanyonyi damu ya mtu wala ya mnyama. Chakula chake kikuu ni kinyesi cha viroboto wakubwa, yaani damu iliyokauka, ambacho nacho huanguka mahali pale pale palipoanguka mayai. Mwanga haupendi, kwa hiyo hujichimbia chini: ndani ya zulia, kwenye nyufa za saruji, kwenye vumbi la pembeni ambalo fagio halifiki. Akishakua hujifumia kifuko cha nyuzi zenye kunata, vumbi likaganda juu yake, na hapo hata ukiwa na macho makali utadhani ni punje ya uchafu.

Ndani ya kifuko hicho ndiko kwenye siri ya nyumba iliyofungwa. Kiroboto aliyekwisha kukomaa anaweza kukaa humo kwa wiki kadhaa, hata miezi, bila kula, akingoja dalili kwamba damu imefika: joto la mwili, mtikisiko wa hatua, uzito unaokandamiza, hewa ya kaboni tunayoitoa tukipumua. Familia inapoingia sebuleni kwa pamoja, dalili zote hizo hufika kwa mara moja na vifuko vingi hupasuka siku hiyo hiyo. Jirani hana kosa, na wala hakuna aliyeichezea nyumba.

Wataalamu hukadiria kwamba wale unaowaona wakirukaruka kwenye manyoya ni kama watano tu katika kila mia. Wengine wote ni mayai, mabuu na vifuko vilivyoko sakafuni. Ndiyo maana mtu anayemwogesha mbwa kila Jumamosi na kumrudisha kwenye gunia lile lile ataendelea kumwogesha mwaka mzima. Hapa kwetu pwani, Tanga, Unguja au Mombasa, hatuna hata baridi kali ya kutusaidia. Joto na unyevu wa mwaka mzima ndivyo mabuu wanavyovitaka, na safari ya kutoka yai hadi kiroboto mkubwa huweza kwisha kwa wiki tatu au nne.

Kama huna hakika iwapo mnyama wako ana viroboto, chukua kitana chenye meno yaliyobanana, mchane mgongoni karibu na mkia, kisha kung'uta uchafu juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa maji. Vumbi la kawaida litabaki vile vile. Kinyesi cha kiroboto kitayeyuka na kuacha doa la rangi ya damu. Kwa nyumba, vaa soksi ndefu nyeupe, tembea taratibu kwenye vyumba anavyokaa mnyama, halafu uziangalie.

Madhara yake si kuwashwa tu. Wapo mbwa na paka wenye mzio wa mate ya kiroboto, ambao hata kwa kuumwa mara chache hujitafuna kiunoni mpaka nywele zinyonyoke na ngozi itoke vidonda. Watoto wa paka na wa mbwa ndio wa kuhurumiwa zaidi, kwa sababu miili yao ni midogo na damu yao ni kidogo: ukimfunua mdomo ukakuta fizi zimepauka, huyo anapungukiwa damu na anahitaji daktari siku hiyo hiyo. Kiroboto pia hubeba tegu, na mnyama humpata kwa kummeza kiroboto anapojilamba. Mtoto wa binadamu anayecheza na mbwa sakafuni anaweza kumpata kwa njia hiyo hiyo.

Tauni ni habari nyingine. Husambazwa hasa na viroboto wa panya, na watu wa Lushoto wanaijua vizuri, kwani kuanzia 1980 iliwasumbua kwa zaidi ya miaka 20. Funzo la huko linafaa kila nyumba yenye panya wengi: ondoa viroboto kwanza, ndipo utege sumu ya panya. Panya akifa, viroboto wake humhama na kutafuta damu nyingine, na aliye karibu ni wewe.

Sasa tiba. Inafanya kazi pale tu mnyama na sakafu vinaposhughulikiwa siku moja, na wanyama wote wa nyumbani wakatibiwa pamoja, hata yule asiyejikuna. Kwa mnyama zipo dawa za matone zinazowekwa kwenye ngozi ya shingo, kama zile zenye fipronili au selamektini, na vipo vidonge vya kutafuna. Nyingi hurudiwa kila mwezi na hupimwa kwa kilo, kwa hiyo mpime mnyama kabla ya kwenda dukani. Kwa wachanga wa wiki chache, ambao dawa nyingi haziwafai, tumia maji ya vuguvugu, sabuni isiyo kali na kitana. Kila unapochana, kichovye kitana kwenye bakuli la maji ya sabuni ili viroboto wazame.

Sakafuni, kazi kubwa ni ya mikono. Matandiko ya mnyama yafuliwe kwa maji ya moto kila wiki, na gunia lililochakaa lichomwe. Mikeka na mazulia yatolewe nje yakung'utwe na kuanikwa kwenye jua kali, kwa kuwa mabuu hawastahimili jua wala ukavu. Makochi yasogezwe, mito yake inyanyuliwe, pembe na nyufa zifagiliwe kila siku, na taka zichomwe au zifungwe kwenye mfuko. Mwenye mashine ya kuvuta vumbi aitumie sana. Mtikisiko wake huwatoa wengi kwenye vifuko, na nje ya kifuko dawa inawapata. Ukinunua dawa ya kunyunyiza, uliza kama ina kiungo cha kuzuia mayai na mabuu kukua, kama piriproksifeni, kwa sababu dawa inayoua wakubwa peke yake huacha kizazi kizima nyuma. Funika chakula, ondoa watoto na wanyama, na msirudi ndani mpaka pakauke.

Wengi hukata tamaa wiki ya pili. Wameshatibu, wameshafagia, na bado wanaona viroboto wapya, basi wanasema dawa ni feki. Mara nyingi dawa ni nzima. Wanaoonekana ni waliokuwa ndani ya vifuko, ambavyo dawa haipenyi kirahisi, na lazima watoke wote ndipo waishe. Endelea kwa miezi mitatu bila kuruka mwezi, hata kama mwezi wa pili huoni kitu.

Nina neno pia juu ya tiba za mitaani, kwa sababu nyingine zinaua. Mafuta ya taa huunguza ngozi, na mnyama akiyalamba yanamdhuru tumboni na kwenye mapafu. Oili chafu ya gari nayo ni sumu. Kitunguu saumu anachochanganyiwa mbwa kwenye chakula huharibu chembe za damu badala ya kufukuza wadudu. Dawa za josho la ng'ombe zenye amitrazi zinaua kupe na utitiri, lakini kwa viroboto si za kutegemewa, na kwa paka hazifai kabisa. Dawa ya kunyunyizia nyanya au mahindi isimguse mnyama wala kitanda chake.

Hatari ninayoiogopa kuliko zote ni permethrini. Imo katika dawa nyingi za mbwa na ni salama kwao ikitumiwa kwa kipimo. Paka hana uwezo wa kuivunja mwilini. Matone machache aliyopakwa na mwenye nia njema, au hata kulala kwa kujisugua na mbwa aliyepakwa muda mfupi uliopita, vinaweza kumfanya atokwe na mate, atetemeke, aingie kwenye degedege na kufa. Dalili hizo zikitokea, mwoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, mfunge kwenye taulo asipate baridi, umkimbize kwa daktari. Na kama una paka nyumbani, usiondoke duka la dawa za mifugo kabla hujasoma jina la kiungo kwenye kibandiko. Dawa isiyo na kibandiko, au iliyopimwa kwenye chupa ya soda, iache hapo hapo kaunta.