Hirizi Mkononi, Kadi Mkobani: Usalama wa Kitamaduni katika Huduma za Watoto Wadogo

Mama anapofika kliniki akiwa amembeba mtoto aliyefungwa hirizi mkononi, huenda neno la kwanza atakalolisikia likahusu hirizi hiyo, si uzito wa mtoto. Hukaripiwa mbele ya wenzake walioketi benchini. Mwezi unaofuata haji, na siku atakapokuja tena mtoto huwa tayari anapumua kwa shida.

Kilichokosekana hapo wataalamu hukiita usalama wa kitamaduni. Dhana hii iliasisiwa na wauguzi wa Kimaori wa New Zealand, hasa Irihapeti Ramsden, mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1992 Baraza la Wauguzi la nchi hiyo likaiingiza katika mafunzo. Ilienea pia Australia, katika huduma za watoto wa Waaborijini. Kiini chake ni kwamba mwenye haki ya kusema kama huduma ni salama ni yule anayehudumiwa.

Igoma, kata ya Wilaya ya Nyamagana iliyo kando ya barabara iendayo Musoma, wengi huijua kwa makaburi ya waliozama na MV Bukoba mwaka 1996. Wasukuma wanaishi hapo pamoja na Wakerewe, Wajita, Wakurya na wengineo. Bibi aliyetoka Magu kuja kumsaidia binti yake aliyejifungua aweza kukijua Kiswahili cha sokoni, lakini maelezo ya namna ya kumpa mtoto dawa yakampita. Mhudumu akimwamkia "mwangaluka", kisha akamwacha aeleze kwa Kisukuma kupitia mhudumu wa afya ngazi ya jamii (wala si kupitia mjukuu wa miaka tisa), hupata habari ambazo kadi haizibebi.

Huenda akaambiwa kwamba kilio kisichokoma kimechukuliwa kuwa ni babu aliyefariki anayedai jina lake. Au ataelewa ni nani hasa huamua safari ya hospitali: mahari ikiwa imetolewa, mtoto huhesabiwa kuwa wa ukoo wa baba, na upande huo una kauli nzito. Kumlaumu mama peke yake kwa kuchelewa ni kumwadhibu asiye na kauli.

Hata hivyo, heshima haimaanishi kukubali kila jambo. Hirizi isiyobana mkono wala kuingia kinywani haizuii chanjo, na inaweza kuachwa. Kung'oa "meno ya plastiki" ni jambo jingine kabisa. Uvimbe mweupe unaoonekana kwenye ufizi wa mtoto mchanga ni chonge ambalo halijaota. Huonekana katika umri uleule ambao mtoto huanza kulishwa vyakula vingine na kupata kuhara, hivyo jino husingiziwa. Kulichokonoa kwa chuma huleta kutokwa damu, maambukizi, na hata kuharibika kwa jino la ukubwani. Kukata kimeo nako huleta hatari za namna hiyo. Mzazi aelezwe sababu hizi kwa utulivu, na bibi awepo, kwa kuwa huenda yeye ndiye atakayeshauri tena nyumbani.

Degedege ndilo linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Wapo wanaoamini kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hufa, ndiyo maana humpeleka kwanza kwa mganga. Mhudumu akiidhihaki imani hiyo, hupoteza saa zilizobaki. Ni afadhali aeleze kwamba mtukutiko huo waweza kutokana na malaria kali au homa ya uti wa mgongo, na kwamba baadhi ya watoto hufa baada ya sindano kwa sababu wameletwa wakiwa mahututi.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inataja malezi yenye mwitikio pamoja na afya, lishe, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Mwitikio huo huanzia kwenye lugha ambayo mtoto hubembelezewa. Kwa mzazi, dalili zisizosubiri ushauri wa ukoo ni hizi: mtoto kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, kupata degedege, kulegea au kupoteza fahamu.