Sajjad Haidar Yildirim: Mfasiri aliyekifungulia Kiurdu mlango wa hadithi fupi

Mwaka 1880 walizaliwa huko Bara Hindi waandishi wawili ambao baadaye walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa hadithi fupi ya Kiurdu. Mmoja ni Premchand, anayejulikana hadi nje ya Asia. Wa pili ni Sajjad Haidar Yildirim, na huyu wengi wetu hatumjui.

Alizaliwa Nehtaur, wilaya ya Bijnor, akasoma chuo cha Aligarh na kuhitimu mwaka 1901. Alikipenda Kituruki hata akakimudu barabara. Yildirim si jina la ukoo. Ni lakabu aliyojichagulia, neno la Kituruki lenye maana ya radi, na ndilo walilomwita Sultani Bayezid wa Kwanza.

Kwa nini Kituruki, wakati wasomi wenzake walikuwa wakiitazama London? Kwa sababu waandishi wa Istanbul walikuwa wameshaichukua hadithi ya Kizungu na kuifanya yao, tena kwa herufi za Kiarabu kama zilivyo za Kiurdu (na kama alivyoandika babu yetu Kiswahili chake). Waturuki waliziacha herufi hizo mwaka 1928.

Lugha hiyo ikampa ajira. Waingereza walimpeleka Baghdad, iliyokuwa bado chini ya Waturuki, awe mkalimani katika ubalozi wao mdogo. Hapo ndipo penye utata wa maisha yake: moyo uko Istanbul, mshahara unatoka kwa Mwingereza. Vita vya 1914 vilipowafikia Waturuki, mabwana zake na watu aliowapenda wakawa maadui. Kazi ya serikali hakuiacha. Mwenzake Premchand kitabu chake cha mwaka 1908, Soz-e-Watan, kilikamatwa na watawala hao hao kwa madai ya uchochezi.

Yildirim yeye aliandika mapenzi. Katika mkusanyo wake, Khayalistan, baadhi ya hadithi zimetoka Kituruki, akazigeuza kwa namna yake, na wahakiki bado wanabishana kama aitwe mtunzi au mfasiri. Kwa maoni yangu ubishi huo ni wa bure. Aliyekuja baada yake alikuta njia imeshalimwa.

Mwaka 1920 Aligarh ilipopandishwa kuwa chuo kikuu, alikuwa msajili wake wa kwanza. Mkewe, Nazr Sajjad, naye alikuwa mwandishi wa riwaya. Alifariki mwaka 1943, miaka minne kabla ya nchi kugawanywa. Binti yao, Qurratulain Hyder, alihamia Pakistan, kisha akarudi India. Riwaya yake kubwa, Aag ka Darya ya mwaka 1959, aliitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza.