JE, WAJUA? Kilo 10 ndani ya kopo la rangi

Je, wajua kwamba kopo la rangi la lita 4 likijazwa zege huwa na uzito wa karibu kilo 10? Ndoo ya lita 20 hukaribia kilo 48. Ndiyo maana katika mitaa kama Bofu, Likoni, kijana asiye na ada ya jimu bado hupata vyuma vya kunyanyua: makopo mawili, bomba katikati, basi.

Vyuma hivyo vina adabu yake. Anayelala kwenye benchi husimamiwa upande wa kichwa na mwenzake, tayari kudaka bomba mikono ikichoka. Mgeni huanza na uzito mdogo, na mkongwe humrekebisha bila malipo. Ukarimu huo unastahili heshima kubwa.

Kwa wasichana, mambo bado magumu. Huambiwa watageuka wanaume, ilhali mwili wa mwanamke huwa na testosteroni kidogo sana, na misuli yake haitutumki hivyo. Hata hivyo, wapo waliothubutu: wanawake walianza kunyanyua uzito katika Paralimpiki, michezo ya watu wenye ulemavu, mwaka 2000, Sydney. Mkenya Hellen Wawira alitwaa shaba ya kunyanyua uzito kwa wenye ulemavu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Birmingham, 2022.